Maji Yaliyogoma Kupanda Kwamsanja

Wanakwaya wenzangu, mmenichosha. Tangu nirudi Manundu, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza ilikuwaje nikaikosa send-off ya binti wa Mama Neema, tena mimi niliyepangiwa kusimamia chakula. Wapo wanaosema nimepata bwana Handeni. Haya, nasimulia mara moja, na nikimaliza asiniulize mtu tena.

Kazi yangu mnaijua juu juu tu. Mnasema "Mama Tumaini yuko maji", basi. Ninachofanya ni hiki. Kuna mabomba yamechimbiwa chini huku na kule, si ya kuteka, ni ya kuchungulia. Tunayaita visima vya kupimia. Kabla ya masika napita kila kimoja, nafungua kifuniko, nateremsha utepe wenye kengele. Utepe ukigusa maji, kengele inalia, nami nasoma kina. Masika ikiisha napita tena. Nikilinganisha, najua mvua imeingia ardhini kiasi gani, na kama tunachokivuta kwa pampu kinarudi au tunakula akiba.

Safari hii kulikuwa na kisima kimoja kilichoninyima raha. Kwamsanja, ndani kabisa ya Handeni, kuna kisima kirefu chenye pampu ya sola, na pembeni yake kisima cha kupimia. Misimu miwili ya masika mfululizo, maji ya kile kisima cha kupimia hayakupanda hata kidogo. Ofisi ikaamua kwamba yakikutwa tena chini ya mstari tuliouweka, pampu inang'olewa kabla ya kiangazi na kupelekwa kijiji kingine, maana hakuna faida kuiunguza kwenye kisima kinachokauka. Mtu wa kwenda kusoma huo mstari ni mimi.

Korogwe hadi Segera

Gari la ofisi lilikuwa limelala gereji likisubiri kifaa. Bosi akaniambia nisubiri wiki ijayo. Nikamwambia maji hayasubiri kifaa. Pampu zikishaanza kuvuta kwa kasi ya kiangazi, nitakachopima kitakuwa kitu kingine. Nikapanda basi hapa Korogwe Jumanne asubuhi, na utepe wangu kwenye gurudumu lake, begi la nguo, na chapati za njiani. Hesabu yangu ilikuwa Ijumaa niwe nimerudi, Jumamosi niwe jikoni kwa Mama Neema.

Gurudumu lile halipiti mahali bila maswali. Jirani yangu kwenye kiti, baba mmoja mwenye tenga la vifaranga, aliniuliza kama ninakwenda kuvua kambale. Nikamwambia ni la kupimia maji yaliyoko chini ya ardhi. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na yakijua yanapimwa, hayakimbii?" Nikacheka, nikamwambia bado hayajanikimbia. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa huruma mpaka nikashuka.

Segera, kisima chetu kipo nyuma ya vibanda, jirani na njia panda. Nilikikuta kimezungukwa na matenga ya machungwa. Nikapiga magoti, nikafuta kifuniko, nikaanza kufungua. Sijafika popote, mama wa machungwa akaanza kuhamisha matenga yake kimya kimya. Kijana wa soda akashusha pazia la kibanda chake. Nikainua kichwa, nikamwona mwenye kibanda cha matairi, wanamwita Baba Shukuru, amesimama juu yangu na mikono kiunoni.

"Dada, sema tu ukweli. Mnapanua barabara?"

"Napima maji, kaka."

"Na wale waliokuja zamani walisema wanapima. Walipoondoka tukakuta alama nyekundu ukutani."

Sikumlaumu. Anayefanya biashara kando ya barabara kuu akiona mtu na utepe, moyo lazima uende mbio. Nikamwambia akague begi langu, kama ataona kopo la rangi anifukuze. Akakagua kweli. Akakuta chapati na khanga. Basi nikamshikisha gurudumu, nikamwambia ateremshe mwenyewe. Utepe ukashuka, ukashuka, kengele ikalia, watu wote wakasogea kuchungulia tundu ambalo ndani yake huoni kitu ila giza.

Nikasoma. Maji yalikuwa yamepanda vizuri kuliko nilivyoyaacha kabla ya masika.

"Kwa hiyo tuko salama?" Baba Shukuru akauliza.

"Kwa maji mko salama. Kwa barabara mimi sijui."

Wakacheka, mama wa machungwa akarudisha matenga, akanimenyea chungwa moja, kisha jingine. Nilipoinuka pale basi nililokuwa nalitegemea lilikuwa limeshapita. Nikakaa juani hadi mchana nikisubiri jingine.

Mkata

Ufunguo wa kisima cha Mkata anautunza Mzee Ramadhani, mtu mwaminifu kabisa. Nililala Mkata, na asubuhi ya Jumatano nikaenda kwake, nyumba imefungwa. Jirani akaniambia yuko msibani, amefiwa na shemeji yake, na mazishi ni adhuhuri.

Sasa mnajua wenyewe. Huendi msibani ukamwita mtu pembeni umwambie lete ufunguo. Nikajifunga khanga, nikaenda. Nikatoa pole, nikakaa mkekani na kina mama, nikapewa kisu na rundo la mihogo. Nikamenya. Mama mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani wa marehemu. Nikasema mimi ni mgeni wa Mzee Ramadhani, nimetoka Korogwe.

Yule mama akaacha kumenya. Akamtazama mwenzake, na mwenzake akamtazama mwingine. Nilihisi nimesema kitu kibaya lakini sikujua ni kipi, mpaka mama mnene mwenye mtandio mweusi alipotoka jikoni na kuja kusimama mbele yangu.

"Nasikia wewe ni wa Mzee Ramadhani," akasema taratibu. "Mimi ndiye mke wake."

"Shikamoo mama. Mimi ni wa ufunguo wake tu. Kufuli la kisima cha kupimia."

Alinitazama kwa muda, kisha akajifunika uso wote kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Wengine walidhani amezidiwa na kilio. Alikuwa anacheka, maskini, na msibani huwezi kucheka. Tangu hapo akanikalisha karibu yake, na chakula kilipoiva akahakikisha sahani yangu ina nyama.

Baada ya mazishi Mzee Ramadhani alinifuata mwenyewe na ufunguo mfukoni. Kufuli lilikuwa na kutu, tukalimwagia mafuta ya kupikia, likafunguka. Kengele ikalia mapema kuliko nilivyotarajia. Mkata maji yalikuwa yamepanda kuliko hata Segera.

Nilipaswa kufurahi, lakini nilipata mashaka. Mvua ya Mkata na ya Kwamsanja ni ileile. Mawingu yakitoka huku yanakwenda kule. Iweje huku ardhi inywe ishibe, kule isionje?

Handeni mjini

Gari la Mkata lilinifikisha Handeni jioni. Vijana wa bodaboda wakaniambia njia ya Kwamsanja ina tope, nisubiri kesho jua lipige. Nikachukua chumba, nikala wali maharage kwa mama ntilie mkarimu aliyeniongezea mchicha bila kuombwa, kisha nikampigia bosi.

Bosi wangu si mtu mbaya, nisije nikamchafulia jina. Ila hapendi mambo marefu. "Mama Tumaini," akaniambia, "kule usiende kubishana na wanakijiji. Pima, andika, rudi. Na kile kijiji kingine kina akina mama wenye ndoo vilevile."

Alisema kweli. Wenye ndoo wako kila mahali. Lakini pampu haiwezi kung'olewa kwa sababu ya kipimo ambacho mpimaji mwenyewe hakielewi. Nikalala nikiwa nimeamua kwamba siondoki Kwamsanja mpaka nielewe.

Kwamsanja

Dereva wa bodaboda alikuwa mtu mzima anayeitwa Juma, na tulianguka mara moja tu, kwenye korongo, mbele ya kundi la ng'ombe wa Wamasai. Vijana wenye ng'ombe walituinua, wakaniokotea na kiatu changu. Alhamisi, kabla ya mchana, nikaingia Kwamsanja nikiwa na tope mpaka masikioni.

Aliyenipokea ni Mama Hadija, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kwenye pampu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na njia. Ingia kwanza unawe."

Akaninawisha mikono na miguu kwa maji mengi, bila kuyabania. Ndani, kitandani, kulikuwa na bibi kizee, mama mkwe wake, aliyepigwa na kiharusi upande mmoja. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kizigua, kwa shida. Shuka lake lilikuwa jeupe na chumba hakikuwa na harufu yoyote. Nikamwambia Mama Hadija kwamba mgonjwa wake ametunzwa.

"Ni haya maji," akasema. "Kabla ya pampu nilikuwa natoka alfajiri kwenda lamboni, kule bwawani wanakonywesha ng'ombe, narudi jua limeshakuwa kali. Yeye namwacha peke yake. Nikirudi namkuta amelowa, ananitazama tu. Hajawahi kunilalamikia, na hilo ndilo lililokuwa linaniua." Akanyoosha shuka la bibi. "Tumesikia mtaichukua."

"Inategemea kipimo, mama."

"Basi twende ukapime," akasema. Alikuwa na uhakika wa ajabu usoni.

Akina mama kadhaa walikuwa tayari wamekusanyika kwenye bomba la kupimia, wamevaa kama watu wanaokwenda sherehe. Mama Hadija akafungua kufuli. Nikateremsha utepe, na kabla sijajiweka sawa kengele ikalia. Nikadhani nimekosea. Nikavuta, nikateremsha tena. Ikalia palepale, juu, juu mno, juu hata ya kile kipimo cha siku kisima kilipochimbwa. Akina mama wakapiga vigelegele.

Na mimi nilitaka kupiga. Lakini utepe ulipotoka niliufuta kwa vidole, na vidole vikanuka ng'ombe. Nikafunga kikopo kwenye kamba, nikakiteremsha, nikachota. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake kiluwiluwi kinaogelea.

"Mama Hadija," nikasema, "kiluwiluwi kimefikaje chini ya ardhi?"

Vigelegele vikakatika. Wakatazamana. Mama Hadija akainamisha uso.

"Tuliyamwaga sisi," akasema.

Hasira ilinipanda, siwafichi. Nikawafokea. Niliwaambia wameniharibia kazi, nimelala njiani na kugaragazwa kwenye tope kuja kusoma maji ya lambo, na kwamba ofisini wataitwa wadanganyifu na pampu itaondoka mchana kweupe. Wote walinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa maneno.

"Hatukutaka kudanganya, mwanangu," Mama Hadija akasema. "Unakumbuka pampu ya mkono tuliyokuwa nayo zamani? Ile ukikuta imekauka, huwezi kuivuta ikatoa. Lazima uipe maji kwanza, uimwagie kwa juu, ndipo yale ya chini yafuate. Tukasema hili bomba nalo limekauka koo. Mlikuwa mnakuja kila mara mnasema maji hayapandi, na hakuna anayelinywesha chochote. Tukalinywesha."

Ni kweli, pampu za mkono ndivyo zilivyokuwa. Nimekua Bumbuli nikiona mama yangu akitunza jagi moja la maji ya jana kwa ajili ya kuamshia pampu. Hawa kina mama walikuwa wametembea mpaka lamboni na kurudi na ndoo vichwani, kwa zamu, kukinywesha kisima chetu.

"Mlimwaga lini?" nikauliza.

"Jumatatu."

Jumatatu. Na leo ni Alhamisi. Nikaomba kiti, nikakaa.

Nisikilizeni hapa, maana ndipo safari yangu ilipogeuka. Bomba la kupimia lina matundu madogo kule chini, maji ya ardhini yanaingia na kutoka kwa hayohayo. Ukimwaga ndoo za maji kwenye bomba zima, hayakai. Yanapita kwenye matundu yanaingia mchangani, na kesho yake hayapo. Haya yalikuwa yamekaa tangu Jumatatu bila kushuka, kama yaliyo kwenye chupa. Maana yake matundu yameziba. Na kama maji ya juu hayawezi kutoka, basi hata ya chini hayawezi kuingia. Misimu miwili tulikuwa tunapima maji mabovu yaliyobaki kwenye chupa, tunaandika kwamba ardhi ya Kwamsanja imekauka.

Nikazunguka lile bomba, nikakwangua majani. Sakafu ya zege ilikuwa imepasuka upande wa chini, na ufa ulikuwa umejaa tope kavu. Mama Hadija akanikumbusha masika ile ya mafuriko, maji yalipotuama pale mpaka magotini, yakapenyeza tope bombani kupitia ule ufa.

Nikampigia bosi. Ilibidi nipande juu ya kichuguu ndipo mtandao ushike.

"Wamemwaga maji kisimani?" akasema. "Hiyo ni hujuma."

"Bosi, wamenifanyia kipimo ambacho sisi hatukukifanya. Kisima kimeziba."

"Basi andika hakisomeki, rudi."

"Nikiandika hakisomeki, pampu inabaki?"

"Uamuzi wa pampu ulishapita. Ulikuwa unasubiri kipimo tu."

"Basi siandiki. Nakizibua kwanza."

"Kwa vifaa gani, Mama Tumaini?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Kamba

Vifaa tulivitengeneza. Fundi baiskeli wa kijijini alikata kipande cha bomba jembamba, akafunga kipande cha ndala chini yake ili kifunguke kikishuka na kujifunga kikipanda. Hicho kikawa chombo cha kuchotea tope. Kisha akakata raba za tairi kwa duara, akazifunga kwenye chuma kizito, tukapata mchi wa kupiga maji ndani ya bomba. Unaushusha, unauvuta, unaushusha, maji yanasukumwa na kunyonywa kwenye matundu mpaka tope liachie. Ni kutwanga tu, ila kinu kiko chini sana na mchi uko kwenye kamba.

Tulianza Alhamisi alasiri. Tulitoa kwanza yale maji ya lambo, yote, na kiluwiluwi chake. Halafu likaja tope jeusi lenye mizizi, linanuka. Akina mama walivuta kwa zamu, wawili wawili, na waliochoka walikaa chini kumenya karanga na kunitania. Waliniuliza mume wangu anajua ninavyotwanga. Nikawaambia mume wangu hata hajui niko wapi. Wakasema basi akija watamwonyesha mikono yangu.

Mikono ilichubuka Ijumaa asubuhi. Mama Hadija akanifunga vitambaa, tukaendelea. Mchana wakatuletea bada na mlenda, na samaki mkavu wa kuonja. Mnaocheka ugali wa muhogo, mimi nilikula nikaongeza. Jioni ile kina mama wawili wakaniambia kwa upole kwamba labda inatosha, labda Mungu hajapanga. Mama Hadija alishika kamba akaendelea kutwanga peke yake, na wale wawili wakainuka wakamfuata.

Kabla giza halijaingia tulichota mara ya mwisho, chombo kikarudi na mchanga safi, mweupe. Mchanga safi ni habari njema, maana yake tumefika penyewe. Nikateremsha utepe. Ukafika mwisho wa bomba, kimya. Kengele haikulia. Bomba lilikuwa tupu kabisa.

Mama Hadija akaniuliza kwa macho. Nikamwambia tukipe muda. Kisha nikamwambia jambo lililokuwa gumu kuliko yote: pampu izimwe mpaka kesho. Pampu ikivuta, inayashusha na maji ya jirani yake, na mimi nitasoma uongo mwingine. Maji ya tangi yalikuwa karibu kuisha, kwa hiyo kesho kijiji kizima kitakwenda lamboni.

"Izimwe," akasema.

Ndipo nilipopanda kichuguu na kumpigia Mama Neema kumwambia sitawahi shughuli yake. Alinikatia simu, na nilistahili.

Asubuhi ya Jumamosi

Nilipoamka Mama Hadija alikuwa ameshaondoka na ndoo. Nilikuwa nimebaki na bibi. Nikamtengenezea uji kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye mtungi, nikamlisha kwa kijiko. Nusu ya uji ilimwagika shingoni, nikampangusa. Akasema neno moja ambalo sikulielewa, akarudia. Kisha nikasikia harufu, nikaelewa.

Nikaenda kwenye mtungi. Mtupu. Nikaenda kwenye ndoo, nikaenda jirani, na jirani naye alikuwa lamboni. Nikafungua bomba la pampu kwa mazoea, nikalifunga. Ningeweza kuiwasha ile pampu, swichi niliijua, dakika chache tu ningepata ndoo nzima. Nilisimama pale nikiitazama swichi.

Sikuiwasha. Nilirudi ndani, nikamgeuza bibi ubavu, nikamfuta nilivyoweza kwa khanga yangu kavu, nikaondoa shuka. Kilichobaki kilihitaji maji. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikamshika mkono ule mzima. Jua likapanda. Inzi wakaja, nikawa nawafukuza. Bibi hakulia wala hakulalamika, alinitazama tu, na nikajua sasa Mama Hadija alikuwa anasema nini. Nililia mimi.

Alirudi jua likiwa kali, jasho limemlowesha. Alitua ndoo, akaona khanga yangu sakafuni, akaona macho yangu. "Nenda kapime," akasema. "Huyu niachie."

Nilikwenda. Bomba lilikuwa limezungukwa na watu. Nikateremsha utepe polepole. Ulipita kina cha jana cha ukavu, la, haukupita, ulikuwa bado uko mbali nacho kengele ilipolia. Nikasoma. Nikavuta, nikaufuta, nikanusa vidole. Havikunuka chochote. Nikateremsha tena. Palepale.

Maji yalikuwa juu ya mstari. Si juu kama Mkata, na sitawadanganya kwamba Kwamsanja inaelea juu ya ziwa. Kiangazi kikikaza itabidi pampu ifanye kazi asubuhi tu, ipumzike jioni. Lakini masika ilikuwa imefika chini na ilikuwa inafika miaka yote, ila sisi tulikuwa tumesimama kwenye mlango usio wake.

Sikupiga simu hapohapo. Maji yanayopanda haraka huweza kushuka, kwa hiyo nilikaa. Nikapima tena adhuhuri wanaume walipotoka msikitini, nikapima tena alasiri. Yalikuwa hayajaondoka mahali pake. Nikapanda kichuguu.

"Una uhakika si ya ndoo?" bosi akauliza.

"Ya ndoo niliyatoa kwa mikono yangu, mpaka bomba likakauka. Haya yamekuja yenyewe."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Basi pampu ibaki. Na njoo nyumbani, watu wanakutafuta."

Nilishuka nikamkuta Mama Hadija amesimama mlangoni, na ndoo ya lamboni miguuni pake imebaki tope la chini tu. Alikuwa amemwogesha bibi kwa maji yale ya ng'ombe, hakuwa na mengine.

"Pampu inabaki," nikamwambia. "Unaweza kuwasha."

Nilitegemea vigelegele, au anikumbatie, au angalau akae chini. Hakufanya hata kimoja. Alikwenda akawasha, akakinga ndoo, akasubiri mpaka ikajaa maji meupe. Akaingia nayo ndani, akafunga mlango, nikasikia anazungumza na bibi kwa Kizigua, na baada yake sauti ya maji. Alikuwa anamwogesha upya.